Peleka Uwanja Darasani

Hotuba hii niliitoa mbele ya wanafunzi, wazazi, walimu na makocha. Wengi hawakuweza kufika na wameniomba maneno yenyewe, kwa hiyo naiweka hapa yote kama nilivyoisema.

Wapendwa wanafunzi, wazazi, walimu wenzangu na makocha wetu, asanteni kwa kuja.

Leo nina maneno machache kwa ukumbi mzima, na maneno mengi kwa watu wachache walioketi humu. Wao wenyewe wanajijua. Ni wewe ambaye matokeo yakibandikwa, wenzako wanaanza kusoma kutoka juu kulitafuta jina lako. Na kikosi kikitangazwa, jina lako linatajwa kabla kocha hajafungua daftari. Wewe ambaye mwalimu wa fizikia anakuona mwanasayansi na kocha anakuona nahodha. Nimekufuata wewe.

Umeambiwa mara ngapi kwamba mshika mbili moja humponyoka? Mwalimu alikuambia pale alama ziliposhuka kidogo. Kocha alikuambia ulipoomba ruhusa ya kwenda kufanya mtihani. Pengine hata nyumbani uliambiwa, kwa upole, wakati watu wanakula. Nawaheshimu wote waliokuambia. Lakini nimefundisha darasani na nimesimama kando ya uwanja na filimbi mdomoni kwa miaka mingi, na nimeona jambo lingine likiwaangusha vijana wenye vipaji. Uwanjani wanafanya mazoezi. Darasani wanategemea kipaji. Halafu siku kipaji kinapofika mwisho wake, watu wanasema ni michezo ndiyo iliyowaharibia masomo.

Hebu niwape kisa ambacho wengi mnakijua nusu. Tarehe 6 Mei 1954, kijana wa miaka 25 aliyekuwa akisomea udaktari aliingia asubuhi katika hospitali ya St Mary's, London, kama kawaida yake. Akanoa misumari ya viatu vyake vya mbio kwenye jiwe la kunolea lililokuwa maabara. Akapanda treni kwenda Oxford. Jioni ile akakimbia maili moja, yaani mita 1609, kwa dakika 3 na sekunde 59.4. Jina lake Roger Bannister, na kabla yake hakuna binadamu aliyewahi kurekodiwa akimaliza maili chini ya dakika 4. Hiyo ndiyo nusu mnayoijua.

Nusu ya pili ni hii: alikuwa na saa ngapi za mazoezi? Alikuwa akitumia mapumziko ya mchana. Chini ya saa moja, kisha anarudi wodini. Asingeweza kuongeza muda, kwa sababu wagonjwa na mitihani havikumpa. Kwa hiyo alikazana na kile kilichomo ndani ya muda huo mdogo. Alikuwa akikimbia robo maili mara 10, kila moja kwa saa ya kupimia, na katikati anapumzika dakika 2. Anajua sekunde zake za leo, anajua za wiki iliyopita, anajua anataka kufika wapi. Hakuna mbio za kujiburudisha humo, wala za kujionyesha. Kila robo ina sababu.

Sasa nakuuliza wewe, kijana. Saa moja yako ya kusoma hesabu jana usiku ilikuwa hivyo? Ulijua unataka kuweza nini ulipokaa, na ulijipima ulipoinuka? Au ulifungua daftari, ukapitisha macho, ukaona mambo yote unayafahamu, ukalifunga?

Nilimfundisha hesabu binti mmoja aliyekuwa pia hodari sana wa mpira wa wavu. Kwa miaka yake yote ya mwanzo hakusoma. Simsemi vibaya, hakuhitaji kusoma. Alikuwa akisikiliza mara moja, akielewa, akiandika jibu. Kisha tukafika kwenye mada ya uwezekano, na kwa mara ya kwanza akakutana na maswali yasiyofunguka kwa kuyatazama. Siku moja nikasahihisha daftari lake. Pale alipokuwa amekosea, alikuwa amefuta kwa raba mpaka karatasi imetoboka. Tundu lenyewe liko katikati ya ukurasa, na kando yake jibu sahihi limeandikwa kwa mwandiko mzuri, limenakiliwa kwa jirani.

Jioni hiyohiyo nikamwona uwanjani. Anapiga sevu, mpira unagonga wavu. Kocha anamwambia, unaurusha mbele mno. Anapiga tena, unagonga wavu. Anarudisha mguu wa kushoto nyuma kidogo, anapiga tena. Unatoka nje. Anacheka, anaomba mpira mwingine. Wenzake wote wanamwona akikosa, na haoni haya hata chembe. Ni mtu yuleyule, siku ileile! Uwanjani kukosea kulikuwa sehemu ya kazi. Darasani kukosea kulikuwa siri ya kuficha mpaka karatasi itoboke.

Nilimwita nikamwambia maneno machache: kuanzia leo usifute. Piga mstari mmoja juu ya kosa, andika pembeni ni hatua ipi iliyoharibika, kama kocha anavyokuambia ni mguu au ni mkono. Kisha keshokutwa, bila kutazama, rudia swali la aina hiyo. Alama zake hazikupanda wiki ile. Kilichobadilika kwanza ni kwamba alianza kuniletea maswali yaliyomshinda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimjue. Alama zilikuja baadaye.

Kwa nini mtoto mwerevu aone haya kuliko wengine? Kwa sehemu ni sisi watu wazima. Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha tafiti walizofanya na watoto wa darasa la tano nchini Marekani. Watoto walipewa mafumbo mepesi, wakafanya vizuri. Baadhi wakasifiwa kwa akili zao, wengine kwa bidii yao. Kisha wakapewa mafumbo magumu, wakashindwa. Walipopewa tena mafumbo mepesi, waliosifiwa kwa akili walifanya vibaya kuliko walivyoanza, na waliosifiwa kwa bidii walifanya vizuri zaidi. Na walipoulizwa walipata alama ngapi, waliosifiwa kwa akili walidanganya wengi zaidi kuliko waliosifiwa kwa bidii. Sentensi moja ya sifa, na mtoto anaanza kulinda jina la kuwa na akili badala ya kuitumia akili yenyewe. Wazazi, mnanisikia? "Mwanangu ana akili sana" inamfurahisha mtoto leo, na siku hesabu itakapokuwa ngumu itamnyima ujasiri wa kuuliza.

Makocha humu ndani, niwaulize swali la kiufundi. Kuna yeyote kati yenu anayewapa wachezaji mazoezi ya mwezi mzima usiku wa kuamkia mechi? Hakuna. Mnajua mwili haukubali. Basi akili nayo haikubali. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alilionyesha hilo tangu 1885 kwa kujipima mwenyewe: kilichorudiwa kwa kugawanywa katika siku kadhaa hukaa kichwani kuliko kilichorudiwa kwa wingi siku moja. Kwa mwanamichezo hii ni habari njema sana, kwa sababu huna usiku mzima wa kukesha, lakini vipande vidogo unavyo. Dakika 25 kabla ya mazoezi. Dakika 20 kwenye basi la timu mkienda kucheza. Na katika hivyo vipande, funga kitabu. Narudia, funga kitabu! Chukua karatasi tupu uandike unachokumbuka juu ya mada, kisha ufungue uone ulichosahau. Kusoma tena na tena ukurasa uleule kunakupa hisia ya kujua, na hisia hiyo hukuacha mara tu unapokabidhiwa karatasi ya mtihani.

Nigeuke upande wa pili, maana baadhi ya makocha wameanza kunitazama kwa mashaka. Darasa nalo linaingia uwanjani. Julai 25, 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, Anna Kiesenhofer wa Austria alishinda mbio za baiskeli za barabarani za wanawake, umbali wa kilomita 137. Alikuwa na shahada ya uzamivu ya hisabati na alikuwa akifanya utafiti katika chuo kikuu huko Lausanne, Uswisi. Hakuwa na mkataba na timu yoyote ya kulipwa. Hakuwa na kocha. Mazoezi yake, chakula chake, kujizoeza joto la Japani, alivipanga mwenyewe. Alijichomoa mapema kabisa, mbio zilipoanza tu, na kundi kubwa nyuma likapoteza hesabu ya nani yuko mbele. Aliyeshika nafasi ya pili, Annemiek van Vleuten wa Uholanzi, alivuka mstari akishangilia kwa kudhani ameshinda. Kiesenhofer alikuwa ameshafika zaidi ya dakika moja kabla yake. Sidai kwamba hisabati ndiyo iliyokanyaga pedali. Lakini mtu aliyezoea kukaa peke yake na tatizo gumu kwa miezi, akilipanga hatua kwa hatua bila kushikwa mkono, mazoea hayo hayakumwacha mikono mitupu.

Sasa tufike kwenye jambo linalouma, nalo ni ratiba.

Mwanafunzi mwenye kipaji ana tatizo ambalo mwenzake wa kawaida hana: kila mtu anamtaka. Mwalimu wa hisabati anamtaka kwenye mashindano ya hesabu. Mwalimu wa lugha anamtaka kwenye mdahalo. Kwaya inamtaka. Timu ya shule inamtaka, na klabu ya mtaani inamtaka pia. Kila mtu mzima anaomba kidogo tu, na kila mmoja anaona kipande chake peke yake. Nani anajumlisha? Nawauliza kwa dhati, nani anajumlisha? Mara nyingi ni mtoto mwenyewe, usiku, akiwa kitandani, na hathubutu kumwambia mtu kwa sababu wote wamemsifu.

Kijana, una vipaji viwili vikubwa. Huna saba. Vingine vyote unavyovimudu viache kwa watu wengine, hata kama wewe ungevifanya vizuri kuliko wao. Ukiacha mdahalo hujashindwa mdahalo. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu nimeona vijana wakichoka kwa mambo ambayo hata hawakuyapenda, wakaja kulaumu soka.

Kisha hivyo viwili vilivyobaki, usijaribu kuvipa nusu kwa nusu kila siku. Nusu kwa nusu kila siku haijawahi kumfaa mtu. Kuna majira. Laurent Duvernay-Tardif wa Kanada alicheza kandanda ya Marekani, ile ya kubeba mpira mikononi, katika timu ya Kansas City Chiefs kuanzia 2014, huku akisomea udaktari Chuo Kikuu cha McGill. Alifanyaje? Msimu wa ligi alicheza. Msimu ukiisha, wenzake wakipumzika, anarudi hospitalini Montreal. Shahada yake ilichukua muda mrefu kuliko ya wenzake darasani, naye akakubali uchukue. Alihitimu 2018. Februari 2020 akashinda Super Bowl, fainali ya ligi hiyo. Miezi michache baadaye, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipopamba moto, akaamua kutocheza msimu uliofuata ili kuwahudumia wagonjwa kwenye kituo cha wazee. Mtazameni vizuri: hakuna wakati alipokuwa nusu mchezaji na nusu daktari.

Na Sócrates, nahodha wa Brazil katika Kombe la Dunia la 1982? Huyu alisomea udaktari katika mji wa Ribeirão Preto huku akichezea Botafogo ya mji huohuo. Alipokwisha kuhitimu, ndipo mwaka 1978 akahamia Corinthians, klabu kubwa. Kijana wa leo akiambiwa asubiri klabu kubwa mpaka amalize masomo atadhani anaonewa. Yule alisubiri, na mpira wake haukumkimbia.

Kwenu ninyi majira ni madogo zaidi: wiki ya mitihani, mwezi wa mashindano, likizo. Kwa hiyo fanya kama alivyofanya kijana mmoja wa kidato changu. Mwanzoni mwa muhula alichukua karatasi moja, akaandika upande wa kushoto tarehe za mechi alizopewa na kocha, upande wa kulia tarehe za majaribio na kazi za kukabidhi. Akazungushia duara nyekundu wiki mbili zilizogongana. Kisha akaja kwangu na karatasi mkononi, akasema, "Mwalimu, hapa sitaweza kufanya yote mawili vizuri. Naomba jaribio hili nilifanye Jumatatu ya kabla." Wiki nyingi mapema! Ningemkataliaje? Akaenda kwa kocha na karatasi hiyohiyo, akaomba apumzishwe siku mbili katika wiki ile nyingine. Akapewa. Linganisheni na yule anayekuja asubuhi ya mtihani, macho mekundu, anasema jana tulichelewa kurudi. Wote wawili wana shida ileile. Mmoja anasaidika.

Kuhusu usingizi sitawabembeleza. Wataalamu wanashauri saa 8 hadi 10 kwa siku kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Najua mnacheka. Mnadhani usingizi ndiyo benki ya kukopa saa zinazokosekana. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwachukua wachezaji wa mpira wa kikapu wa chuo hicho, wakawaambia wakae kitandani angalau saa 10 kila usiku kwa wiki kadhaa. Mbio zao fupi zikawa za kasi zaidi, na mitupo yao huru ikaboreka kwa asilimia 9. Mchezaji wa kikapu angetoa nini apate asilimia 9? Na ubongo huimarisha ulichojifunza mchana ukiwa umelala. Kwa hiyo ukikesha, unaharibu vyote viwili usiku mmoja. Ratiba isiyo na nafasi ya usingizi ina kitu kimoja zaidi ya uwezo wako, na kazi yako ni kukitafuta na kukitoa.

Rudini kidogo kwa Bannister. Miezi ya mwanzo ya 1954 zile robo maili zake ziligoma. Zilishuka mpaka sekunde 61, zikakwama pale, wiki baada ya wiki. Alifanyaje? Hakuongeza mazoezi. Yeye na rafiki yake Chris Brasher wakaacha kukimbia siku chache, wakaenda kupanda milima Uskoti. Waliporudi wakakimbia kwa sekunde 59. Mtu mwenye bidii nyingi, na ninyi mna bidii nyingi, huona kupumzika ni woga. Nawaomba muamini saa ya kupimia kuliko hofu yenu.

Wazazi na makocha, nimewaacha mwisho, nawaomba mvumilie maneno makali kidogo.

Makocha: kuna kanuni inayotajwa sana na madaktari wa michezo ya watoto, kwamba saa za mazoezi ya kupangwa kwa wiki zisizidi umri wa mtoto kwa miaka. Wa miaka 14, saa 14. Watoto wanaozidisha hapo wameonekana kuumia zaidi, yale maumivu ya mfupa na msuli yanayotokana na kurudia jambo moja bila kupumzika. Mtoto mwenye kipaji anacheza kwako, anacheza klabuni, anacheza timu ya wakubwa. Mpigie simu kocha mwenzako mjumlishe. Na ukimwona mchezaji wako anafungua kitabu kwenye basi, usimwambie aache ajikite kwenye mechi. Mlinde.

Wazazi: najua wengine mnamwona mtoto akifunga bao na moyo unakwenda mbali. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo nchini Marekani, ambako tayari wamechujwa wengi, chenyewe kinasema chini ya asilimia 2 ya wanamichezo wake huendelea kucheza kwa kulipwa. Siwaambii hivyo ili mumtoe mtoto uwanjani. Msimtoe! Na tafadhali, msiutumie mchezo kama fimbo, kwamba akishusha alama ananyang'anywa viatu. Mnapomnyang'anya viatu mnamwondolea mahali pekee ambapo kijana huyu mwerevu amejifunza kukosea mbele za watu na kuomba mpira mwingine. Alama zikishuka, kaeni naye mtazame ile karatasi ya tarehe. Mara nyingi jibu liko pale, kwenye duara nyekundu ambayo hakuna aliyeichora kwa wakati.

Na wewe mwanafunzi ambaye umeumia na umekaa benchi msimu huu, nimekuona pale nyuma na mguu wako. Wiki hizi ni ndefu, najua. Lakini uwanja si mwisho wa mtu: Eric Heiden wa Marekani alishinda medali 5 za dhahabu za mbio za kuteleza kwenye barafu katika Olimpiki ya 1980 huko Lake Placid, na baadaye akawa daktari wa upasuaji wa mifupa. Leo unao muda ambao wenzako hawana. Njoo ofisini kwangu Alhamisi na daftari la hesabu ambalo halijafutwa.

Nimeambiwa tuna muda wa maswali. Nitaanza na wanafunzi, wazazi watanisubiri. Na kila mwanafunzi kabla hajatoka achukue ile karatasi yenye safu mbili iliyowekwa mlangoni. Walimu na makocha wamekubali kukaa hapa mpaka jioni ili muijaze pamoja.